Corona ilipita, deni ikabaki kwa wamama wa soko

Ndugu zetu, vijana wa Goma, wa Bukavu, wa Uvira na wa Butembo,

Kuna hadithi moja wanatuimbia siku hizi kwenye radio na kwenye mikutano ya mahoteli: eti Corona ilituamsha, eti vijana sasa tumekuwa wafanyabiashara, kila mutu iko na kikundi chake cha WhatsApp anauzisha viatu na mafuta ya ngozi. Hiyo hadithi tunaikataa. Mutu ukimutupa ndani ya ziwa, akaogelea mpaka pembeni, usimuambie kama wewe njo ulimufundisha kuogelea.

Tukumbuke vile ilipita. Tarehe 24 Machi 2020 Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura na mipaka ikafungwa. Kinshasa walifunga Gombe. Sisi huku tulifungiwa Petite Barrière. Mwenye hajui Goma atasema ni mpaka tu. Sisi tunajua kama ile njia ilikuwa soko yetu kubwa. Kila siku makumi ya maelfu ya watu walivuka kati ya Goma na Gisenyi, jeton mkononi, wengi wao wamama wenye mizigo kichwani. Asubuhi mama anakopa, anavuka, anauzisha. Magaribi analipa deni, na faida inapika chakula. Hana stoki, hana banki. Mtaji wake ni ile siku moja. Ukifunga siku yake, umefunga duka yake.

Kwanza walikula faida. Kisha wakala mtaji. Kisha wakala makuta ya likelemba, yenye haikuwa yao peke yao, na urafiki wa miaka ukavunjika hapo. Bidhaa zilipoanza kuvuka kwa magari, wauzaji wakijiunga kikundi, mwenye beseni mbili za nyanya alipaswa kuamini mutu mwingine amuchagulie, amulipie gari na amuletee hesabu. Wenye makuta mingi waliendelea. Wadogo wakawa wateja wa wale walikuwa wanashindana nao.

Mwaka ule ule franka ilikuwa inaanguka: dola 1 ilitoka karibu 1.700 ikafika karibu 2.000. Mama ananunua kwa dola, anauzisha kwa franka. Fanyeni hesabu wenyewe. Halafu tarehe 18 Desemba 2020 ikaja amri ya kutotembea usiku kuanzia saa tatu. Mwenye kuchoma mishikaki barabarani, kazi yake inaanza giza ikiingia. Motari naye, wateja wazuri ni wa usiku. Nani aliwauliza watakula nini?

Serikali ilikuwa wapi? Aprili 2020 FMI iliipa nchi yetu mkopo wa dharura wa karibu dola milioni 363. Tunauliza: mama gani wa Virunga, wa Birere, wa Kadutu aliona hata dola moja? Septemba ya mwaka huo, wakati simu ilikuwa imekuwa duka, wakatuletea RAM: dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G na 4G, inakatwa ndani ya inite. Yaani unafungiwa soko, unahamia kwa simu, wanakufuata huko. Ilipaswa raia wapige kelele mpaka mwaka wa 2022 njo waiondoe.

Na sisi vijana tujiseme. Wengi wetu minerval ililipwa na zile beseni za nyanya. Mama alipopoteza mtaji tulimuambia "ingia WhatsApp", kama vile nyanya inapita ndani ya simu. Tuliandika sana juu ya mambo ya Kinshasa. Juu ya mama wa kwetu tulinyamaza.

Tarehe 7 Machi 2022 Rwanda ilifungua mipaka yake ya barabara. Muzuri. Lakini mutu mwenye alikula mtaji wake atavuka na nini?

Njo maana tunadai:

1. Jeton itoshe tena kwa muuzaji mdogo wa mpakani, bila karatasi ingine ya kununua.
2. Ushuru wa soko uondolewe mwaka muzima kwa wenye kuuzishia chini na kwenye meza.
3. Mkopo bila faida upitie vikundi vya likelemba vya wamama wenyewe, usipitie ofisi za wakubwa.
4. Watuambie wazi makuta ya Corona na ya RAM ilienda wapi.

Na wewe mwenye kusoma, kazi yako ni hii: wiki hii umuulize mama moja wa soko ya kwenu alipoteza ngapi, alilipishwa nini, bila risiti ama na risiti. Andika, lakini jina lake usiandike. Tutakusanya hizo hesabu na tutazipeleka meya, mchana, kwa mguu, wote pamoja.

RAM ilianguka kwa sababu hatukunyamaza. Na hii tusiinyamazie.

Goma, Machi 2022