Msongo wa Mawazo Haubaki Kwenye Jeti ya Mokowe

"Kipungani ni mashua na punda, ajali za barabarani zatuhusu nini?" Hoja hii haina mashiko. Mwalimu au muuguzi wa huko, Kisiwani Lamu, akiitwa kikazi Mombasa hudamka akavizie maji kabla hayajapwa, avuke hadi Mokowe, bara, kisha apande gari kwa zaidi ya kilomita 300. Akiwa yeye ndiye dereva, anashika usukani akiwa na saa kadhaa za uchovu mwilini.

Wengine husema lami imekuja, hofu imekwisha. Lami ya Lamu–Witu–Garsen imepunguza vumbi na saa za safari, na tunashukuru. Lakini Mpeketoni, Juni 2014, waliuawa watu zaidi ya 60 katika mashambulizi, na tarehe 2 Januari 2020 basi lilishambuliwa Nyongoro, kwenye barabara hiyohiyo. Anayeijua habari hiyo hupita pale akiangaza vichaka, vidole vimekaza usukani, mguu ukizidi kukanyaga mafuta ili atoke upesi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hula mita 22 kila sekunde. Tazama kichaka sekunde tatu tu, umekwenda mita 66 bila kuiona njia. Polisi wa kusindikiza magari ni msaada mkubwa, ila hofu hiyo hawawezi kumtoa dereva kichwani.

Eti dereva mzoefu hachoki, na akichoka kuna miraa? Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid wa Australia walionyesha kwamba aliyekesha saa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Miraa huahirisha usingizi, hailipi deni lake. Kanuni za Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA) za 2014 zinamwekea dereva wa gari la abiria kikomo cha saa 8 katika kila saa 24, awe mgeni wa kazi au mkongwe.

Hoja inayoniudhi zaidi ni hii: "Msongo wa dereva ni mambo ya nyumbani kwake." Hapana. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 huihesabu safari ya bure ndani ya gari lililotolewa na mwajiri kumpeleka mtu kazini kuwa sehemu ya kazi yenyewe. Kwa hiyo msongo wa njiani nao unamhusu mwajiri. Basi mwajiri, usimwite mtu wa Kipungani kwenye mkutano wa Mombasa siku ileile anayosafiri. Mlipie malazi alale. Na akiwa barabarani, usimpigie simu.