Tunachanga pesa ya operesheni. Nani anachanga maji safi ya bloku?

Wandugu raia wa Butembo na Beni,

Mu mitaa yetu karatasi ya mchango haikosi kupita: mtoto fulani ana kichwa kikubwa, maji yamejaa kwenye ubongo, waganga wamesema apasuliwe. Mama wa soko anatoa franka 500, mutu wa moto anatoa 1000, siye wenye diplome bila kazi tunazunguka na kikapu. Operesheni inafanyika, tunashukuru Mungu, kila mutu anarudi kwake.

Mwaka jana tulifanya vile kwa mtoto wa jirani. Wiki ya sita homa ikapanda, akaanza kutapika, ngozi juu ya mpira ikawa nyekundu. Mpira ukatolewa, na siye tukarudi na kikapu. Mtoto yuko hai, lakini mpaka leo hajaweza kushika shingo. Hatuandiki ili kushitaki munganga. Tunaandika sababu tulielewa kwamba tulikuwa tumelipa nusu tu ya kazi.

Operesheni hii inaweka mpira mwembamba wenye valvu. Unatoka kichwani, unapita chini ya ngozi, unamwaga maji tumboni ambamo mwili unayanyonya. Kijidudu cha kawaida cha ngozi kikishika ule mpira siku ya kupasua, mara nyingi antibiotiki peke yake haikitoi: lazima mpira wenyewe utoke. Ndiyo maana infeksyo nyingi zinaonekana mu miezi ya kwanza.

Kuna jambo linaloumiza zaidi. Huko Mbale, mashariki ya Uganda, hospitali ya CURE inatibu watoto hawa tangu mwanzo wa miaka ya 2000. Waganga wake walionyesha kwamba kwa wengi wao, maji yalianza baada ya infeksyo ya ubongo walipokuwa wachanga. Kwa hiyo infeksyo njo inaleta ugonjwa, na infeksyo njo inaharibu dawa yake.

Msituambie kwamba ni umaskini tu. Mu 2005, Mbale walitangaza matokeo ya watoto 195: valvu ya India ya dola 35 hivi na ingine ya dola 650, baada ya mwaka hapakuwa na tofauti ya maana. Mu 2011, hospitali 4 za watoto za Amerika ya Kaskazini zilitangaza kwamba zimeshusha infeksyo kutoka 8,8% mpaka 5,7%. Zilifuata orodha ya hatua 11, na nyingi ni za kawaida: kunawa vizuri, kuvaa glavu mbili, kutoa antibiotiki kabla ya kukata, kukataza watu kuingia-ingia mu bloku.

Kunawa, siye tunakujua. Kuanzia tarehe 1/8/2018 mpaka 25/6/2020 Ebola iliua watu zaidi ya 2.200 mu eneo letu na Ituri. Kila mlango ulikuwa na ndoo na klori. Ebola ikaisha, pesa zikaenda. Ndoo ziko wapi leo?

Na msituambie tupeleke watoto mbali. Tangu M23 ichukue Goma mu Januari 2025, njia ya kule inapita mu vita. Njia ya Kasindi imemwaga damu ya wasafiri wengi, na Mbale iko ngambo ingine ya Uganda. Operesheni lazima iwe salama hapa.

Tunadai kwa serikali ya mkoa na wakubwa wa zoni za afya:

1. Maji safi na umeme usiokatika mu kila bloku, na mazutu ya jenereta yalipwe na Leta, si na mgonjwa.
2. Antibiotiki na glavu viwe ndani ya bei ya operesheni, baba asitumwe kuvitafuta mu farmasi mtoto akiwa mezani.
3. Kila mtoto afuatwe miezi 6, hata wa Oicha na Mangina, na hesabu ya infeksyo itangazwe wazi.
4. Maji na sabuni mu kila nyumba ya uzazi.

Wazazi, mtoto mwenye valvu akipata homa, akitapika, utosi ukivimba au akilala bila kuamkika vizuri, msingoje asubuhi, wala msitafute mchawi. Rudini hospitali.

Siye tutaendelea kupitisha kikapu. Lakini kuanzia leo, tukileta pesa ya operesheni, tutauliza pia: bomba la bloku linatoa maji?