Kabla Hujarusha, Mwache Mdogo Aseme "Subiri"

Siku ile upepo ulikuwa mzuri. Niliokota majani makavu, nikayaachia, yakapeperuka kuelekea nyuma yetu, kwa hiyo tulikuwa tumeupa upepo uso kama inavyotakiwa. Ndege yetu ya mfano, ile isiyo na injini ambayo wengi mmeiona uwanjani Jumamosi jioni mkadhani ni droni, ilikuwa mkononi mwa dada mmoja wa mwaka wa kwanza. Rimoti ilikuwa kwangu. Nikamwambia, "Dogo, rusha." Akarusha vizuri tu, mbawa sawa, pua sawa.

Ilipofika kama mita ishirini ikaanza kuegemea kulia, upande wa njia ya kwenda mabwenini. Nikasukuma kijiti kushoto. Ikazidi kwenda kulia. Nikasukuma zaidi, ikakunja zaidi. Sekunde chache baadaye ikaingia kwenye ndoo ya maembe ya mama anayeuza matunda pale njiani. Mtoto wake alikuwa amekaa chini, hatua tatu kutoka kwenye ile ndoo.

Nilikimbia hadi miguu ikaisha nguvu. "Shikamoo mama, tusamehe sana." Mama akaniangalia, akamwangalia mwanawe, akauliza, "Hii ndege yenu ina macho?" Sikuwa na jibu. Maembe tulilipa.

Lakini hicho sicho kilichoninyima usingizi. Tulipokuwa tunaokota vipande, yule dada akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, niliona usukani unaenda kinyume. Ulipokuwa unaujaribu, kabla sijarusha." Nikamuuliza mbona hakusema. Akajibu, "Nilidhani labda ndivyo unavyotakiwa kuwa. Wewe ndiye ulikuwa unatufundisha."

Kwa asiyejua, niseme kilichotokea. Usiku uliotangulia nilitengeneza mkia uliokuwa umevunjika. Wakati wa kurudisha waya unaovuta usukani, niliuunganisha upande wa pili wa mkono wa ile mota ndogo. Matokeo yake, kushoto ikawa kulia. Asubuhi nilichezesha vijiti, nikaona vitu vinacheza, nikasema "safi". Sikuangalia vinacheza kuelekea wapi.

Tangu siku ile nimesikia maoni ya aina mbili hapa chuoni. Wa kwanza wanasema mchezo huu upigwe marufuku, kwani mmekuja kusoma au kuchezea midoli? Wa pili wanasema tuandike sheria, tuzibandike. Nawaheshimu wote, ila nadhani wote wamekosea mahali palipo na tatizo.

Nianze na wa marufuku. Hofu yao ni ya kweli. Ndege yetu ina kilo 1 hivi, na ikiteleza kwa mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, inabeba nishati ya jouli 50. Ni kama kumdondoshea mtu paketi ya kilo moja ya sukari kutoka mita 5, kimo cha magoli mawili ya mpira yakipandishwa moja juu ya lingine. Kasi ikiongezeka mara mbili, nishati inaongezeka mara nne. Na pua yake tumeijaza vipande vya chuma ili kusawazisha uzito. Huo si mdoli.

Lakini ndege hiyohiyo ndiyo iliyonifanya nielewe Fizikia niliyokuwa naikariri tangu kidato cha pili. Otto Lilienthal, Mjerumani aliyeruka kwa mbawa zake mwenyewe mara zaidi ya elfu mbili, alianguka Agosti 1896 baada ya mbawa kupoteza mwinuko, akafariki siku iliyofuata. Jambo hilohilo utaliona uwanjani ukirusha ndege ikiwa imeelekezwa juu badala ya usawa: inapanda kidogo, inaishiwa kasi, mbawa zinaacha kuibeba, inadondoka kwa pua. Mwanafunzi akiliona mara moja hahitaji kulikariri. Sisi tunaosoma ualimu tukiacha vitu vya namna hii kwa sababu vina hatari, tutabaki na chaki tu.

Sasa hawa wa sheria za kubandika. Ndugu zangu, sheria tulikuwa nazo! Karatasi imo ndani ya begi la ndege hadi leo. Hakikisha kitovu cha uzito kipo mahali pake, ambapo kwa ndege nyingi za wanaoanza ni kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Washa rimoti kwanza, ndege baadaye. Ukimaliza, zima ndege kwanza. Pima masafa ya rimoti kabla ya kurusha. Betri ya lithiamu usiichaji ukaiacha peke yake chumbani. Usirushe juu ya watu. Na namba nne: jaribu usukani na kibao cha mkia. Nilijaribu. Kwa kalamu yangu mwenyewe niliweka alama ya vema.

Kwa hiyo karatasi ilikuwepo, na aliyeliona kosa alikuwepo, tena ndege akiwa ameishika yeye. Kilichokosekana ni njia ya jambo hilo kutoka machoni pake hadi masikioni kwangu. Njia hiyo niliiziba mimi, kwa namna nilivyozoea kusema "dogo, shika", "dogo, rusha", naye akazoea kujibu "sawa kaka".

Tumelelewa na methali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni methali nzuri, na imeokoa miguu mingi. Ila sikumbuki kufundishwa methali ya mkuu asiyesikia la mdogo, na anga haijali nani ni mkuu.

Mfano mkubwa wa hili haukutokea kwa ndege za mfano. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, Boeing 747 mbili ziligongana kwenye njia ya kurukia ndani ya ukungu. Watu 583 walikufa. Ndani ya ile ndege ya KLM iliyokuwa imeanza kukimbia ili kupaa, mhandisi wa ndege aliuliza kama ile nyingine ilikuwa imeshatoka njiani. Rubani wake, mtu mwenye heshima kubwa kazini, alijibu kuwa imetoka. Mhandisi hakuendelea kubisha. Ajali ile ilikuwa na sababu nyingi, zikiwemo ukungu na mawasiliano ya redio yaliyoingiliana, lakini swali lile lililoulizwa kwa upole likapita ni mojawapo ya mambo yaliyoifanya dunia ya usafiri wa anga ianze kuwafundisha marubani wakubwa kusikiliza, na wadogo kusema kwa sauti. Kama hilo linahitaji mafunzo kwa watu waliosomea kazi yao miaka mingi, sisi wa uwanja wa chuo ni nani tudhani litakuja lenyewe?

Ndiyo maana kikundi chetu sasa kina mambo mawili mapya, na ninayapendekeza kwa yeyote anayerusha chochote hapa chuoni.

La kwanza: anayejibu asiseme "sawa", aseme anachokiona. Mwenye rimoti anasukuma kijiti kushoto, anaita "kushoto". Mwenye kushika ndege anasimama nyuma ya mkia, anajibu "usukani umeenda kushoto". Kijiti kikivutwa nyuma, anajibu "kibao cha mkia kimepanda". Neno "sawa" limefutwa kabisa. Mtu anaweza kusema "sawa" akiwa anafikiria bumu litaingia lini. Hawezi kusema "umeenda kushoto" bila kuangalia, labda aamue kudanganya.

La pili: mtu yeyote aliyepo uwanjani, awe wa mwaka wa kwanza, awe mpita njia, akisema "subiri", ndege hairushwi. Hatakiwi kutoa sababu kwanza. Hachekwi, haulizwi "wewe unajua nini". Tunasimama, tunaangalia, ndipo tunaongea.

Najua pingamizi lake, na wenzangu wamelileta: kila mtu akiwa na sauti, nani atarusha? Na angani je, tutapiga kura? Hapana. Ndege ikishaachia mkono, sauti ni mbili tu: mwenye rimoti, na mmoja anayesimama kando yake kumwangalizia watu na njia. Mwenye rimoti haondoi macho kwenye ndege, maana ikimgeukia uso kwa uso, kushoto kwake si kushoto kwa ndege tena, na hapo hata mzoefu huchanganyikiwa. Anapotaka kushuka anaita "natua!", kila mtu anatoka njiani. Hiyo amri ya mtu mmoja naiunga mkono kabisa. Tofauti ni kwamba kabla ya kurusha muda upo. Ndege haina haraka, haina abiria, haichomi mafuta. Dakika mbili za "subiri" hazimgharimu mtu chochote isipokuwa kiburi chake.

Na kuna wakubwa wengine wa kusikilizwa pia. Anga ina wenyewe. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ndiyo inayosimamia vyombo vinavyoruka bila rubani ndani yake, kwa hiyo uliza kwanza kabla ya kununua, hasa kama chuo chenu kipo jirani na uwanja wa ndege. Uongozi wa chuo nao uambiwe siku na saa. Sisi tuliwaambia baada ya maembe, na hiyo ilikuwa aibu nyingine.

Kwa wenzangu wa ualimu, hili ni letu zaidi ya kuwa la ndege. Nilipokuwa fildi niliwahi kuandika ubaoni kanuni ya nishati mwendo nikasahau ile nusu ya mbele. Darasa zima likanakili. Nikauliza, "Kuna swali?" Kimya. Nikaondoka nikijiona nimefundisha hadi wameelewa wote. Kesho yake, nikisahihisha madaftari, nikakuta binti mmoja ameiandika ile nusu kwa penseli, hafifu sana, kama mtu anayeomba radhi. Alijua. Alinisahihisha daftarini mwake, kwa sababu ubaoni hapakuwa na nafasi yake.

Tunakwenda kuwa walimu wa watoto wengi sana. Tukitoka hapa tukiamini kwamba heshima ni mtoto kunyamaza anapoona tumekosea, basi kila siku tutakuwa tunarusha usukani ukiwa kinyume, na hatutaambiwa.

Jumamosi iliyopita tulirudi uwanjani, safari hii upande wa mbali na njia. Mkia mpya, waya upande wake. Tuliita, tukajibiwa, kushoto kushoto, kulia kulia. Nikahesabu moja, mbili, na yule dada akasema, "Subiri."

Tukasimama. Akaomba aangalie tena raba zinazofunga bawa, alihisi moja imelegea. Akaangalia. Haikuwa imelegea. Kila kitu kilikuwa kama kilivyotakiwa kuwa, na upepo mzuri ulikuwa unapita. Niseme ukweli, maneno yalinifika kooni: "Si nilikwambia nimeshakagua?"

Nikayameza. Nikamwambia, "Asante. Tuanze upya." Maana "subiri" ya kweli kila mtu ataishukuru. Ni hii ya bure ndiyo inayoamua kama kesho atathubutu kusema tena.

Tukaanza upya. Kushoto, umeenda kushoto. Kulia, umeenda kulia. Nyuma, kimepanda. Akarusha. Ilikaa hewani kama nusu dakika, ikageuka taratibu, ikatua kwenye nyasi. Mama wa maembe alikuwa palepale njiani, mbali na sisi, anamenya zake.