Uvumilivu si kunyamaza

Ndugu mwandishi, asante, ila umeueleza uvumilivu kana kwamba ni kufunga mdomo. Huku kwetu, mashariki mwa Kongo (DRC), sivyo. Mapadri watatu wa shirika la Kikatoliki la Waasumpsionisti walitekwa Mbau Oktoba 2012, hawajarudi hadi leo. Mwenzao, Padri Vincent Machozi, aliandika wazi juu ya mauaji ya Beni. Akapigwa risasi karibu na Butembo Machi 2016. Kasindi, Januari 2023, bomu lililipuka kanisani siku ya ubatizo. Watu bado wanakwenda kusali, na wanamlalamikia Mungu kwa sauti (Zaburi nazo zimejaa malalamiko). Mkimbizi aliyeacha shamba lake la kakao utamhubiria subira gani kabla hajapata unga? Tuandikie hilo safari ijayo.