Lusangi: Lisansi ya usimamizi wa biashara si tiketi ya kupata kiti cha Leta

LUSANGI, Maniema – Matokeo ya egzameni ya Leta yakitoka, familia nyingi za Kasongo na Kabambare zinaanza hesabu: mpunga uuzwe, mbuzi auzwe, mtoto aende chuo kikuu. Ukiuliza anaenda kusoma nini, mara nyingi utaambiwa: usimamizi wa biashara. Ukiuliza tena atafanya nini na masomo hayo, utajibiwa: apate ofisi. Iwe Kindu, iwe Lubumbashi, hata Kinshasa, mradi awe na meza, kiti na namba ya matrikile.

Hapo ndipo kosa linapoanza. Masomo yenyewe hayana ubaya. Ubaya ni kumtuma mtoto ajifunze biashara, kisha kumkataza kuigusa.

Tangu mfumo wa LMD uenezwe katika mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi inachukua miaka 3, wakati ile ya zamani ilichukua 5. Mwanafunzi anafundishwa hesabu za biashara, uchumi, takwimu, sheria, kodi. Anajua pia kanuni za OHADA, ambazo zinatumika Kongo tangu tarehe 12 Septemba 2012, sawa na katika nchi nyingine 16 za Afrika. Kanuni hizo zina mfumo mwepesi kwa biashara ndogo: andika pesa iliyoingia, andika iliyotoka, mwishoni piga hesabu. Lakini kijana huyohuyo akirudi likizo anamkuta mama yake akiuza mafuta ya mawese bila karatasi hata moja, naye anakaa kimya. Anaona daftari la soko ni dogo kwake.

Lakini daftari hilo ndilo linalokosekana. Tuseme mama ananunua gunia la mchele kwa franka 80.000 na kuliuza kwa 100.000. Anasema amepata faida ya 20.000. Lakini mwenye baiskeli alilipwa 8.000, kizuizi cha barabarani 3.000, gunia tupu 2.000, na mchele uliomwagika au kuliwa na panya ni 5.000. Faida iliyobaki ni franka 2.000, na siku za safari hazijalipwa. Akimkopesha jirani gunia moja bila kuandika, amekula mtaji wake mwenyewe. Mwisho wa mwaka atasema biashara imerogwa. Hakuna aliyeiroga. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wapo wanaosema biashara haisomwi shuleni, wazee walifanya biashara bila diploma. Ni kweli, walifanya. Lakini waangalie historia ya Kasongo yenyewe. Katika karne ya 19, Tippu Tip alipoufanya mji huo kuwa makao yake makubwa, misafara yake ilitembea kwa mikopo ya Taria Topan, mfanyabiashara wa Zanzibar. Ilikuwa biashara ya pembe na ya watu, na aibu yake haifutiki. Hata hivyo inafundisha jambo moja: mwenye mtaji na hesabu yuko mbali, mwenye jasho na damu yuko hapa. Mpaka leo mzalishaji wa Lusangi anaambiwa bei. Hajui aikatae kwa hesabu gani.

Dhahabu nayo inasema hivyohivyo. Kule Salamabila, katika teritwari ya Kabambare, mgodi wa Namoya ulianza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016 chini ya kampuni ya Banro, na kazi ikasimamishwa mwaka 2019. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inasema kwamba asilimia 15 ya ushuru wa madini iende kwa sekta au shefferi ambamo mgodi upo, na kampuni itoe asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Sheria hiyohiyo inawataka wachimbaji wadogo wawe ndani ya koperative. Sasa, nani atasoma hesabu za kampuni na kusema hapa pesa imepungua? Nani atashika kitabu cha koperative ili viongozi wake wasile peke yao? Haki isiyopigiwa hesabu ni rahisi kuibiwa.

Hiyo ndiyo kazi ya mwenye lisansi ya usimamizi, na haihitaji kungoja barua ya Kinshasa.

Vyuo vikuu navyo vibebe sehemu yao. Mwanafunzi wa Maniema anaandika kazi yake ya mwisho juu ya benki kubwa au kampuni ya bia ambayo hajawahi kuingia mlangoni mwake, kwa maneno aliyonakili kutoka kazi ya mwenzake. Aandike juu ya bei ya mchele kutoka Kasongo mpaka Kindu. Aandike juu ya likelemba ya akina mama sokoni, au bajeti ya sekta yake. Staji yake aifanye huko huko, na wakubwa wa sekta wamfungulie vitabu badala ya kumtuma akanunue chai.

Na mzazi, kabla ya kuuza mbuzi wa mwisho, amuulize mtoto swali moja: ukimaliza, utashika hesabu ya nani hapa nyumbani? Kama hana jibu, asubiri kwanza. Amshikie mama yake daftari la soko kwa miezi sita, aone pesa inavyoingia na inavyotoroka. Akiona raha katika kazi hiyo, aende chuo kikuu, na mbuzi auzwe bila majuto. Akiona haya, basi alichokuwa anatafuta ni kiti, na viti vya Leta vina wenyewe tayari.