Cheti Mnakitaka, Ada Tulipe Wenyewe

Tangazo la kazi likibandikwa, wengi wetu tulioishia darasa la saba tunaanzia chini, kwenye sifa za mwombaji, kisha tunaondoka. Mlinzi: kidato cha nne. Dereva: kidato cha nne, leseni, na cheti cha chuo cha ufundi. Serikali iliweka kidato cha nne kuwa sharti la kuingia utumishi wa umma tangu Mei 2004. Mwaka 2017, wakati wa uhakiki uliowaondoa watumishi zaidi ya 9,900 kwa vyeti vya kughushi, madereva na watendaji wa vijiji walioishia darasa la saba nao walitolewa kazini, ingawa hawakughushi chochote. Walioajiriwa kabla ya sharti hilo walirudishwa mwaka uliofuata. Sisi wengine tukaambiwa tujiendeleze.

Haya, tunajiendeleza. Kwa hela ya nani?

Mtoto wa leo katika shule ya serikali hadaiwi ada mpaka kidato cha nne tangu Januari 2016, na tangu 2022 mpaka cha sita. Tunashukuru, maana ni watoto wetu. Lakini mama yake aliyeishia la saba kwa sababu nyumbani hapakuwa na ada, akitaka kuanza leo, analipia kila hatua. Kwanza Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT. Akifaulu, ndipo anajisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ada ya mtihani juu yake, masomo ya jioni juu yake, vitabu juu yake, nauli juu yake. Akianguka masomo mawili, anarudi dirishani na ada nyingine.

Njooni mwone tunakosomea. Ni darasa la shule ya msingi, wanafunzi wake wameshakwenda nyumbani. Madawati ni ya watoto. Mtu mzima akikaa, magoti yanagonga ubao, basi wengi wanakaa upande, daftari pajani. Mwalimu amefundisha tangu asubuhi kwingine, na tunamchangia sisi wenyewe. Mchango ukipungua, haji, na hatuwezi kumlaumu. Mama ntilie anaingia saa kumi na mbili na nusu akinuka moshi, anaondoka kabla ya hesabu kwisha kwa sababu mtoto mdogo yuko kwa jirani. Wiki ya mvua darasa zima hubaki watu watano.

Na mafundi je? Yupo mmoja kati yetu, ameanza gereji akiwa kijana wa kushika tochi. Lori likiwashwa anasikiliza tu, anakwambia nozeli gani imechoka, na hakosei. Kampuni zinamwita usiku gari likizima njiani, lakini zikiajiri zinamchukua kijana mwenye cheti, kisha kijana huyo anatumwa kwake akafundishwe kazi. Mpango wa serikali wa kurasimisha ujuzi wa mafundi wa aina yake upo, kupitia VETA, na ni mpango mzuri kweli: fundi anapimwa alichonacho, anajazwa alichokosa, anapewa cheti. Kero yetu ni kwamba nafasi zinazolipiwa na serikali huja kwa awamu. Ukikosa tangazo, unasubiri awamu nyingine, au unajilipia.

Msituambie fedha haipo. Mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi anakatwa tozo ya kuendeleza ujuzi, asilimia 3.5 ya mishahara anayolipa tangu Julai 2023. Jina lake ni la ufundi, lakini kwa miaka mingi theluthi moja tu ndiyo iliyokwenda VETA, na sehemu kubwa ikaelekezwa elimu ya juu. Hatuwaonei wivu wanafunzi wa chuo kikuu. Tunachosema ni kwamba fedha iliyokusanywa kwa jina la fundi imfikie fundi.

Wala msituambie haiwezekani. Nchi hii ilipokuwa maskini kuliko leo, Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazazi wetu walisoma kisomo chini ya miembe, na katikati ya miaka ya 1980 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa wamebaki takriban mmoja kwa kumi. Hata juzi, milango ilipofunguliwa kwa mabinti waliokatishwa shule kwa ujauzito, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliwapokea bila ada kwa fedha za SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari. Kama imewezekana kwa binti, mama yake ana kosa gani?

Tunataka mambo mawili. Ada ya Mtihani wa Maarifa na ya kidato cha nne ifutwe kwa mtu mzima anayefanya mara ya kwanza, kama serikali inavyowalipia wanafunzi wa shule zake. Na walimu wa jioni walipwe na halmashauri. Bajeti husomwa Juni. Mbunge atakayepita mtaani kabla ya hapo, tutamuuliza hayo mawili tu.