Wanaohesabu Ndege na Wanyama Nao ni Wafanyakazi



Katika chama tumezoea kuwasemea watu wa mashamba ya chai, wa miwa, wa viwanda na wa mahoteli. Hao wanaonekana. Wana lango la kupitia asubuhi, wana mnyapara, wana siku ya mshahara. Lakini hapa Uganda wako wenzetu wengine wasio na lango, ambao kazi yao hufanyika mahali ambapo hata sisi viongozi wa matawi hatufiki ila kwa taabu. Hao ni wale wanaoajiriwa kwa msimu kuhesabu na kuchunguza ndege na wanyama wa mwitu. Huitwa wiki mbili, huitwa miezi mitatu, kisha huambiwa waende nyumbani wangoje.

Mtu akisikia kwamba fulani analipwa kwa kuangalia ndege, hucheka. Na acheke, lakini kwanza aende Lutembe au Mabamba mwezi wa Januari, wakati wa hesabu ya ndege wa majini. Atoke kabla ya jua, akae ndani ya mtumbwi katikati ya mafunjo, nguo zikiwa zimelowa, darubini machoni mpaka kichwa kiume. Kundi la buabua likiruka, ana nafasi ndogo ya kukadiria kama ni mia tano au elfu mbili, na mwenzake anaandika. Akikosea, hesabu ya mwaka mzima imeharibika. Hayo si matembezi.

Au tuchukue hesabu ya gorila wa mlimani. Mwaka 2018 msitu wa Bwindi, pamoja na hifadhi ya Sarambwe upande wa Congo, ulipitiwa mara mbili: Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Desemba. Vikundi vya watu vilitembea mabonde na vilima, vikatafuta njia mbichi ya gorila, vikaifuata mpaka kuona malazi yao ya usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu. Katika kila lazi mtu aliinama akachukua kinyesi, akakitia katika kichupa, akaandika namba. Kwa kinyesi hicho wataalamu wa maabara walitambua kila mnyama. Jumla ikawa gorila 459, na hesabu ya 2011 ilikuwa 400. Habari ilitangazwa Desemba 2019 na dunia ikashangilia. Sisi pia tulishangilia. Lakini kinyesi hakikujiokota.

Tangu Julai 2024 mgeni kutoka nje hulipa dola 800 ili akae na gorila hao saa moja. Bei hiyo inasimama juu ya habari kwamba wapo, ni wangapi na wanaongezeka. Habari hiyo imeletwa na mtu aliyevaa gambuti zake mwenyewe, na anayelipwa posho ya siku. Siku ambayo mvua kubwa imewazuia kambini, wako waajiri wasiomlipa. Tena asiulize sheria inasema mshahara wa chini ni kiasi gani, maana kiwango cha mwisho kilichowekwa kisheria katika nchi hii ni Sh 6,000 kwa mwezi, nacho ni cha mwaka 1984. Mswada wa kukibadili ulipitishwa na Bunge mwaka 2019, Rais akakataa kuutia sahihi.

Sasa tulitazame hili neno "msimu", maana ndilo linalotumika kutufungia mlango. Mwajiri anasema: kazi hii ni ya msimu, kwa hiyo mfanyakazi ni wa msimu, kwa hiyo hana haki ya kudumu. Tunauliza: ni msimu wa nani? Ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia huanza kufika Septemba, na wengi hawaondoki mpaka Machi au Aprili. Hiyo ni zaidi ya nusu mwaka. Korongo nyangumi wa Mabamba haendi popote. Gorila yuko Bwindi siku zote. Kwa sehemu kubwa, kinachokuja na kuondoka ni fedha za mfadhili. Msimu wenyewe ni wa bajeti, ndege amesingiziwa tu.

Hatusemi kwamba kila kazi ya wiki mbili igeuzwe kuwa ya kudumu. Hesabu ya Januari ni ya Januari, hilo tunalikubali. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinakataza mtu kuwekwa kibarua zaidi ya miezi 4. Baada ya hapo ana haki ya mkataba wa maandishi. Kanuni hiyo ni nzuri, ila kwa wenzetu hawa haina meno, kwa sababu kazi yao hukatwa mwezi wa tatu, wanapumzishwa, kisha wanaitwa tena na kuanza kuhesabiwa upya kama wageni. Tunajua watu walioitwa namna hiyo miaka kumi mfululizo. Mtu wa miaka kumi ni kibarua wa namna gani? Ndiyo maana tunadai mkataba wa pamoja wenye orodha ya wito: aliyefanya kazi msimu uliopita vizuri aitwe kwanza msimu ujao, na posho yake ipande kwa kila msimu alioutumikia. Bila orodha hiyo, kuitwa ni hisani ya mnyapara, na hisani ya mnyapara tunaijua bei yake.

Mwenzetu mmoja, hatutamtaja wala hatutalitaja shirika alilolifanyia kazi, aliteleza gengeni akifuata njia ya wanyama, akavunjika mguu. Wenzake walimbeba kwa machela ya miti kutwa nzima mpaka barabarani. Shirika lilitoa gari la kumfikisha hospitali, na siku hiyohiyo posho yake ikasimama. Likasema yeye si mwajiriwa wake, ni "msaidizi wa mahali". Tulipokwenda kudai, hatukukuta karatasi yenye jina lake ila orodha ya posho, na hapo palikuwa na alama ya dole gumba tu. Ilichukua miezi tisa kupata gharama za hospitali. Fidia yenyewe hakupata. Siku hizi anakaa katika duka la shemeji yake, kilima hapandi tena.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ipo. Inamtaka mwajiri alipe kwa ajali iliyotokea kazini, na inahesabu hata ajali ya njiani, mtu akienda kazini moja kwa moja au akirudi. Lakini sheria humsaidia anayeweza kuonyesha kwamba aliajiriwa.

Na hatari si genge na nyati peke yake. Mwaka 2008 mtalii Mholanzi alikufa kwa homa ya Marburg baada ya kuingia katika pango la popo katika msitu wa Maramagambo. Januari 2017 ndege wa mwituni walikutwa wamekufa kwa wingi Lutembe, karibu na Entebbe, na ikathibitika kuwa ni mafua ya ndege. Basi anayeshika popo na anayeokota buabua aliyekufa apewe glavu, barakoa na mafunzo kabla ya kazi. Barakoa tunazijua: kwa gorila zinavaliwa, na ni sawa, ili kikohozi chetu kisimuue mnyama. Ila hatujaona anayeuliza kikohozi cha mvaaji kimetoka wapi baada ya wiki tatu za kulala katika hema linalovuja.

Mashirika yanatujibu kwamba hayana fedha, kwamba ni ya hisani, kwamba mfadhili ndiye anayepanga. Hatulipuuzi jibu hilo. Yako mashirika maskini kweli. Lakini bajeti hiyo huandikwa mapema, na ndani yake mna magari, mafuta na tiketi za ndege. Aongezwe mstari mmoja wa bima na mwingine wa NSSF. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, mchango ni lazima hata kwa mwajiri mwenye wafanyakazi wachache: asilimia 10 kutoka kwake na asilimia 5 kutoka kwa mfanyakazi. Wako pia wanaosema hii ni kazi ya kujitolea. Wapenzi wa ndege wanaokwenda kuhesabu Jumamosi kwa raha zao, tunawaheshimu. Lakini mtu aliyepangiwa saa, aliyebebeshwa mzigo na anayefukuzwa akichelewa, huyo hajajitolea.

Liko na jambo la ujuzi. Mwenzetu anamtambua ndege kwa sauti kabla hajaonekana. Kijana wa chuo huletwa akafundishwa naye msimu mzima. Msimu unaofuata kijana anarudi akiwa mkubwa wake, naye bado ni "msaidizi". Sheria ya Ajira ya 2006 inamtaka mwajiri atoe hati ya utumishi mfanyakazi anapoiomba mwisho wa kazi. Iombeni! Msione haya.

Kwa wanaoingia kazini msimu huu, wa huku kwetu na ndugu zetu wa Congo na Rwanda wanaofanya kazi za namna hiyohiyo katika milima ya Virunga: kila mmoja awe na daftari lake mwenyewe. Aandike tarehe aliyoanza, jina la aliyemwajiri, siku alizofanya kazi, posho aliyopokea, na kila aliyeumia pamoja na mahali alipoumia. Jioni mwenzake atie sahihi. Mwisho wa wiki ukurasa unakiliwe na kupelekwa nyumbani au tawini, maana siku ya mwisho madaftari yote hukusanywa kambini pamoja na darubini.